Upande wa Baridi

Siku ya tatu baada ya kumlisha, nilifungua tangi nikapokewa na harufu. Panya niliyempa alikuwa amelala katikati ya matandazo, manyoya yamelowa, kichwa kimeanza kulainika, na nyoka wangu amejikunja pembeni kama vile habari hiyo haimhusu. Kipimajoto cha mshale nilichokibandika kwenye kioo kilisema nyuzi 30. Nilikiamini. Makosa yangu mengine yote yalizaliwa hapo.

Nyoka mwenyewe alikuwa boa jike wa miezi michache, hajafika sentimita 70, mwembamba kiasi kwamba mwanangu alipomwona mara ya kwanza alisema, "Baba, huyu si nyoka, ni mkanda." Jina likamkaa: Mkanda. Wageni wengi humwita chatu, nami nimeshachoka kuwasahihisha. Chatu hutaga mayai na jike huyaatamia. Boa huzaa watoto walio hai. Asili ya boa wa aina hii ni Amerika, kuanzia Meksiko kuteremka hadi Ajentina. Akitunzwa vizuri huvuka miaka 20 bila taabu, na yupo mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia aliyepita miaka 40. Niliposoma habari hiyo nilimwambia mke wangu kwamba tumepata mpangaji wa kudumu. Hakucheka.

Makazi niliyomwandalia yalikuwa tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki, kifuniko cha wavu, mkeka wa umeme chini ya upande mmoja, makumbi ya nazi yaliyosagwa juu yake, gogo moja na bakuli la maji. Mkeka niliuchomeka moja kwa moja ukutani bila kidhibiti chochote. Boksi lake lilikuwa na picha ya nyoka, nami nikajiambia kwamba kama wameweka picha ya nyoka, basi ya nyoka wameshayawaza.

Kumbe mkeka wa aina ile hupasha kinachougusa. Hewa iliyo juu yake haipati kitu cha maana. Joto lilipenya kioo, likakwama kwenye matandazo, na lile kidogo lililobahatika kupanda likatokea kwenye wavu na kwenda kupasha dari. Kipimajoto changu nilikuwa nimekibandika karibu na mkeka, kwa hiyo kilikuwa kikipima kioo. Mkanda alikuwa akiishi kwenye hewa ya nyuzi 23, tumboni ana panya mzima.

Nyoka hana tanuri la ndani kama sisi. Joto la kusagia chakula hulichukua nje, kwenye mahali alipolala. Akilikosa, panya hasagiki, huoza, na mwili hauna njia ila kumrudisha alikotoka. Na kutapika kwa nyoka si jambo la kufuta kwa kitambaa ukasahau. Asidi ya tumbo huchubua koo, na mnyama hupoteza maji mengi. Ukimlisha tena haraka kwa huruma, atatapika tena, na mzunguko huo umeua boa wengi wachanga. Inabidi usubiri wiki mbili au zaidi, kisha uanze na panya wa nusu ya ukubwa ule.

Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilichojua ni kwamba alikuwa na baridi, nami nikafanya afanyalo mtu mwenye hofu: nikaongeza joto. Nikanunua mkeka wa pili. Nikaongeza matandazo yakawa kina cha kiganja, nikidhani yatahifadhi joto. Juu ya wavu nikatandika blanketi zito. Nikajiona fundi.

Siku ya tano nilinyanyua gogo nikamkuta chini yake, ameyabana matandazo kwa tumbo. Nilipomshika na kumgeuza, magamba ya tumbo yalikuwa na wekundu wa waridi, sehemu ndefu kama kidole, na mawili yameanza kuvimba. Nikaingiza mkono pale alipokuwa amelala, nikautoa upesi. Kipimajoto cha kidijitali cha jikoni kilisoma 46.

Kwa muda mrefu jambo hili lilinisumbua kuliko lingine lolote. Mbona hakuondoka? Nami nilidhani mnyama mwenye akili ya kuwinda gizani atajua kitu kinachomwunguza. Daktari wa mifugo aliyetupokea, mtu mzima mpole aliyezoea watambaazi, hakunijibu moja kwa moja. Alimwangalia tumbo, akampaka dawa ya kuungua, akaniagiza nimtandikie karatasi safi tu mpaka jeraha likauke. Kisha akauliza:

"Joto ni ngapi humo unamomweka?"

"Thelathini, daktari."

"Thelathini wapi?"

Nikanyamaza.

"Juu ya gogo? Chini ya gogo? Kwenye bakuli la maji? Ndugu yangu, humo ndani hapatakiwi kuwa na joto moja. Ukiniambia ni moja tu, basi ugonjwa umeshaupata."

Alinieleza kwamba nyoka hurekebisha mwili wake kwa kusogea. Akitaka joto huenda kwenye joto, akishiba nalo hurudi kwenye ubaridi. Boa anataka kona yenye nyuzi 31 hadi 33, kona ya pili iwe 24 hadi 27, na kati yake mteremko wa kupitia. Usiku pakipoa kidogo si neno, ila pasishuke chini ya 22. Kwenye tangi langu palikuwa na hewa ya baridi kila mahali na kipande kimoja cha moto sakafuni. Mnyama aliyekosa joto hewani hung'ang'ania hicho kipande hata kikianza kumuunguza, kwa kuwa mgongo wake bado una baridi. Mawe ya umeme wanayouziwa wafugaji huleta balaa lile lile.

Nilirudi nyumbani na nyoka kwenye mfuko wa mto, nikaamua kuanza upya kwa mbao.

Kwanini mbao? Kioo hupoteza joto pande zote, na wavu juu humaliza kazi. Mbao hulishika. Nilichukua plaiwudi ya milimita 15, nikaunda kabati la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, milango ya vioo viwili vya kuteleza upande wa mbele. Nyoka hupenda kufunguliwa kwa mbele. Mkono unaotoka juu, kwake, ni mkono wa ndege mla nyoka. Kanuni ninayoifuata sasa ni kwamba urefu wa kabati usipungue urefu wa nyoka, kwa hiyo nilijua hili ni la miaka michache tu. Boa jike aliyekomaa hupita mita 2 kwa urahisi. Viungo vyote nilivijaza silikoni, mbao nikazipaka vanishi ya maji, kisha nikaliacha wazi wiki mbili mpaka nikaweza kuingiza kichwa changu nisisikie harufu yoyote. Hapo usiharakishe. Kama pua yako inasikia dawa, mapafu ya nyoka yanaisikia zaidi.

Matundu ya hewa niliyatoboa mawili: moja chini upande wa baridi, jingine juu upande wa joto. Hewa baridi huingilia huku, hupanda na kutokea kule. Kufuli niliiweka baada ya siku moja tu, maana Mkanda alisukuma kioo kwa pua hadi kikafunguka sentimita tatu. Boa akipata ufa hana mjadala nao.

Kwa joto nilichagua balbu ya kauri ya wati 100. Haitoi mwanga, inaweza kuwaka usiku kucha bila kumvurugia nyoka mchana na usiku wake. Wapo wanaotumia balbu nyekundu kwa imani kwamba nyoka haoni rangi hiyo. Huiona, na usiku mwekundu si usiku. Kauri huwa ya moto wa kuunguza ngozi papo hapo, kwa hiyo ilibidi iingie kwenye kishikio cha kauri, si cha plastiki kinachoyeyuka, na izungushiwe tundu la chuma lenye wavu mwembamba lililofungwa kwa skrubu. Boa hupanda. Atakipata kila kitu ulichodhani hakifiki, na atakizungushia mwili.

Themostati, yaani kidhibiti cha joto, ilinigharimu somo jingine. Ya kwanza ilikuwa ile ya kuwasha na kuzima tu, inayofaa mikeka. Kwenye kauri ilifanya kazi, lakini joto lilipanda na kushuka kwa nyuzi tatu nne kila mara. Balbu za mwanga ndizo haziiwezi kabisa: zinawaka, zinazima, zinawaka, kabati zima linakuwa kama ukumbi wa muziki, na nyuzi za ndani hukatika mapema. Balbu ya mwanga inataka themostati inayofifisha umeme taratibu. Kauri na paneli za joto zinakwenda vizuri na ile inayotuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi. Nikabadilisha, na joto likatulia.

Kisha nikaliwasha kabati wiki nzima bila nyoka. Hizi ndizo siku saba ninazomshauri kila mtu asiziruke, ingawa kukodolea macho kabati tupu ni kazi ya kichaa. Nilichora ramani ya sakafu kwenye daftari, nikaweka alama tisa, nikapima kila alama asubuhi, mchana na saa sita usiku. Kwa hewa nilitumia vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya. Kwa uso wa vitu nilitumia kile cha umbo la bastola, unakielekeza na kubonyeza. Siku ya kwanza nilikipiga nikiwa nje, kupitia mlango uliofungwa, nikapata 26 kila mahali, nikafurahi kwamba kabati limetulia ajabu. Bastola ile haioni kupitia kioo. Nilikuwa nimepima mlango mara tisa.

Nilipofungua na kupima upya, ukweli ukajitokeza: kona ya joto 33, safi kabisa, na kona ya baridi 29. Mimi wa siku za tangi la kioo ningesema tofauti ya nyuzi nne inatosha na kwamba joto kidogo la ziada halimdhuru mnyama wa nchi za joto. Lakini maneno ya daktari yalikuwa bado masikioni. Mahali pa kupoa palikuwa hapapo. Nilikuwa nimefunga balbu karibu na katikati, kwa sababu tundu la waya lilikuwa rahisi kutoboa pale. Nikaihamisha hadi kona ya mwisho, nikapanua tundu la hewa la upande wa pili, na baada ya siku mbili ramani ikasoma 32, 29, 27, 25. Nikamwingiza Mkanda. Nilimwachia siku kumi bila kumshika wala kumlisha, kisha nikampa panya mdogo aliyeyeyushwa barafu, kwa koleo. Akammeza, akaenda kulala chini ya kibanda cha kona ya joto, siku ya nne akatoka akahamia upande wa pili. Panya alibaki ndani.

Ningependa kusema shida iliishia hapo.

Kihisi cha themostati, yaani ule waya mwembamba wenye ncha unaopima joto, nilikuwa nimekishikiza ukutani kwa kibanio kidogo cha plastiki cha gundi. Utepe wa gundi nilishaonywa nisiutumie ndani ya kabati. Ukimnasa nyoka, unaondoka na magamba. Kibanio kikaonekana salama. Mwezi wa tatu, usiku, niliamka kunywa maji nikapita mbele ya kabati. Taa ndogo ya themostati, ambayo kwa kawaida hupepesa, ilikuwa imewaka tu, haipepesi. Nilisimama nikaitazama kama dakika nzima kabla akili haijaamka. Nilipofungua kioo, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya tanuri.

Mkanda alikuwa amepanda ukutani, amekitoa kibanio, na kihisi kikaburutwa hadi kikatumbukia kwenye bakuli la maji, upande wa baridi. Maji yalikuwa na nyuzi 24. Themostati niliyoiambia itafute 32 ilikuwa inasoma 24 na kuamini kwamba kabati zima linaganda, kwa hiyo ilimwaga umeme wote kwenye balbu, saa kwa saa. Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kinapima kwa uaminifu mahali ambapo si penyewe, kama mimi na mshale wangu wa kwanza.

Sehemu ya juu ya gogo chini ya balbu ilisoma 54. Nikamtafuta nyoka kwa mikono inayotetemeka. Alikuwa nyuma ya bakuli, kwenye pembe ya mwisho kabisa karibu na tundu la hewa, nusu ya mwili ndani ya maji, kichwa kwenye matandazo. Pale palisoma 29. Hakuwa na alama hata moja.

Zile nyuzi nne nilizozipigania wakati wa kuhamisha balbu ndizo zilizompa mahali pa kukimbilia. Kwenye tangi la zamani, na blanketi juu, ningemkuta amekufa. Tangu usiku ule, mtu akinionyesha picha ya kizimba cha boa wake na kunisifia sehemu ya kuota joto, mimi huuliza upande wa pili una ngapi.

Siku iliyofuata kihisi nilikifunga kwa vibanio vya chuma na skrubu, waya wote ukiwa umepita ndani ya mfereji wa plastiki, ncha yake ikiwa kwenye kimo anacholala nyoka. Nikaongeza themostati ya pili, ya kuwasha na kuzima, yenye kihisi chake mwenyewe, ikikaa kati ya soketi na ya kwanza. Hiyo nimeiweka 36. Haina kazi nyingine maishani mwake: siku themostati ya kwanza ikikorofisha, hii ya pili inakata umeme. Na kwenye dari ya chumba nikafunga king'ora cha moshi, kwa sababu kitu kinachopashwa moto ndani ya sanduku la mbao wakati watu wamelala hakihitaji ufafanuzi.

Unyevu nilikuwa nimeusahau kabisa, kwa kuwa joto lilinikamata akili. Balbu ya kauri hukausha hewa. Mkanda alipofifia rangi na macho yake kuwa ya samawati yenye ukungu, nilijua anakaribia kujivua gamba, nikangoja gamba zima kama soksi. Lilitoka vipande ishirini, na jicho la kushoto likabaki na kigamba chake. Kipimaunyevu nilichonunua siku hiyo kilisoma asilimia 35. Boa anataka 55 hadi 70. Kigamba cha jicho usikibandue kwa kucha wala kibano, unaweza kuharibu jicho lililo chini yake. Nilimtengenezea boksi la plastiki lenye mfuniko na tundu la kuingilia, ndani nikajaza makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, na kigamba kikaondoka katika kujivua kulikofuata. Siku hizi humwaga maji pembeni chini ya matandazo ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu liwe kavu. Kunyunyizia kuta huleta unyevu wa saa moja tu. Na usilowanishe kabati ambalo upande wa baridi umeshuka mno. Baridi na majimaji pamoja humletea nyoka homa ya mapafu, ukasikia anakoroma na kuona mapovu mdomoni. Hilo ni la daktari, siku hiyo hiyo.

Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo, na boa mzima huvumilia saa kadhaa za ubaridi kuliko ninavyovumilia mimi kumtazama. Naweka chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo, nafunika kabati kwa mablanketi nikiacha matundu, simlishi. Basi.

Mkanda sasa ana miaka minne na mita 1 na sentimita 70. Hula mara moja kwa wiki nne, na akishakula hatumgusi siku mbili tatu. Kabati jipya la sentimita 180 limesimama sebuleni wiki ya pili sasa, na harufu ya silikoni imekwisha. Ndani yake nimejenga rafu pana chini ya paneli ya joto, nimeipiga msasa kwa siku mbili, mwanangu akachora majani ukutani nyuma yake. Juzi nilimwingiza kwa saa moja, mchana, milango wazi, aone. Aliipita rafu bila kuinusa, akatambaa urefu wote wa kabati, akazunguka bakuli la maji na kujikunja nyuma yake, kwenye pembe ya mwisho. Nilipima pale: 25. Nikaandika kwenye daftari.